Bakteria wa nimonia walikuwa puani muda wote, sasa walikuwa wanasubiri nini?

Swali nimelifupisha kidogo: "Dokta, baba yangu ana miaka 68. Alishikwa na mafua makali, siku ya sita akaanza kupata nafuu tukajua yameisha. Ya nane homa ikarudi kwa kishindo, anatetemeka, anakohoa makohozi ya rangi ya kutu, hospitali wakasema nimonia ya bakteria. Amepona, namshukuru Mungu. Ila daktari aliyemhudumia alisema hao bakteria inawezekana walikuwa puani mwake tangu kabla, au kapewa na mjukuu wake wa miaka 2 ambaye wala haumwi. Sasa mi ndo nimebaki njia panda. Kama walikuwepo, walikuwa wanasubiri nini? Kinga ya mwili ilikuwa inafanya nini muda wote huo? Na je tupimwe pua wote tusafishwe?"

Pole sana kwa mzee, na tushukuru amepona. Niseme mapema kwamba mi sio daktari wa wodini, mi ni mtu wa maabara, hao bakteria nimekaa nao kuliko nilivyokaa na baadhi ya ndugu zangu, kwa hiyo nitakujibu kwa kuangalia mambo kwa upande wao. Na hapo ndo naona shida ya swali lako ipo kwenye neno moja tu, "wanasubiri". Hawasubiri kitu bwana. Puani ndo kwao, walishafika.

Makohozi ya rangi ya kutu yananifanya nimshuku mmoja, Streptococcus pneumoniae, tumwite nyumokokasi tusichoshane. Huyu kwa mara ya kwanza alionekana na watu wawili kila mmoja kivyake, Pasteur kule Ufaransa na Sternberg kule Marekani, taarifa zao zikatoka 1881. Sasa cheki hapa: Pasteur alimpata kwenye mate ya mtoto aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, sawa, ila Sternberg alichukua mate yake mwenyewe, mtu mzima mwenye afya yake, akawachoma sindano sungura wakafa. Yani tangu siku ya kwanza huyu bakteria anajulikana, mmoja wa wagunduzi wake ndo alikuwa anambeba mdomoni na hana hata kikohozi.

Na hilo ndo jambo la kushika. Nyumokokasi akikaa nyuma ya pua, kwenye koromeo la juu, anaweza kutoka na kamasi au chafya akaingia pua ya mtu mwingine, maisha yanaendelea. Akishuka mapafuni akaingia na kwenye damu, hana njia ya kutoka, mgonjwa akipona yeye amekufa, mgonjwa akifa na yeye amekufa. Kwa hiyo ujanja wake wote wa kuikwepa kinga umetengenezwa kwa ajili ya kuishi puani kwa wiki au miezi bila kufukuzwa, na nimonia ni ajali inayotokea pale ujanja uleule unapojikuta sehemu siyo yake. Watoto wadogo ndo wabebaji wakubwa kuliko wote, mjukuu wa miaka 2 kumbeba ni jambo la kawaida kabisa, wala msimwangalie vibaya.

Sasa hapo puani kuna nini. Ukuta wa njia ya hewa umepangwa seli zenye vijinywele juu, seli moja inakuwa navyo kama 200 hivi, vinapiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde na vyote kuelekea upande mmoja, na juu yake unatandazwa ute unaosogea milimita kadhaa kila dakika kwenda kooni, ukifika kooni unaumeza bila hata kujua. Bakteria akinasa kwenye ute safari yake inaishia tumboni kwenye asidi. Mle kwenye ute kuna lisozaimu inayotoboa ukuta wa bakteria (Fleming aliikuta 1921 kwenye kamasi zake mwenyewe akiwa na mafua, kabla hata ya penisilini), kuna protini inayowanyima madini ya chuma, na kuna kingamwili za aina ya IgA zinazowafunga bakteria mafungumafungu wasiweze kushika ukuta. Ni mfumo mzuri sana, mafundi wa mabomba wangeutamani.

Nyumokokasi anapitaje? Kwanza amevaa koti la sukari, yani mnyororo mrefu wa sukari umemzunguka mwili mzima, sisi tunaita kapsuli. Koti za aina nyingi zina chaji hasi na ute nao una chaji hasi, vitu hivyo vinasukumana, kwa hiyo anateleza katikati ya ute badala ya kunasa. Lisozaimu nayo ameshaijibu, ukuta wake ameubadilisha kemikali kidogo tu sehemu zile ambazo lisozaimu inazishika, inafika inakuta hakuna pa kung'ata.

Halafu zile IgA. Kingamwili ina umbo kama herufi Y, mikono miwili ya kushikia adui na mguu mmoja wa kuita msaada, na katikati kuna bawaba. Nyumokokasi ana kimeng'enya kinachokata pale pale kwenye bawaba ya IgA1, ambayo ndo sehemu kubwa ya IgA ya njia ya hewa. Mguu unadondoka, mikono inabaki imemshika lakini haina wa kumwita. Na sio hivo tu, hii ndo sehemu mi napenda kuwasimulia wanafunzi, ile mikono iliyobaki inapunguza chaji hasi ya koti lake, na sasa anashika ukuta wa seli vizuri zaidi kuliko mwanzo! Kingamwili uliyoitengeneza kumfukuza imegeuka gundi yake. Mwili nao sio mjinga, unayo IgA2 ambayo haina ile bawaba ndefu, hiyo hawezi kuikata, ila iko kidogo.

Akishafika kwenye seli yenyewe anahitaji pa kujishikiza. Juu ya seli zetu kuna msitu wa visukari, vingi vimefunikwa kwa nchani na asidi ya sialiki, basi yeye anavyo vimeng'enya vya kuikata, anavikata vile vya juu, chini yake vinafunguka vipokezi anavyotaka, na ile sialiki aliyoikata anaila. Alafu kuna hili la mlango. Seli zetu zina protini kazi yake ni kubeba IgA kutoka upande wa ndani wa seli kuivusha mpaka upande wa nje wenye hewa, kama lifti ya mizigo, inapanda na mzigo, inashusha, sehemu nyingine inarudi. Nyumokokasi ana protini juu yake inayoishika lifti hiyo hiyo, na akiishika ikiwa inarudi chini, anaweza kuvushwa kuingia ndani ya mwili. Yani mlango wa kutolea kingamwili ndo anaingilia. Protini hiyo hiyo ina kazi nyingine, inamnasa mlinzi mmoja wa damu anaitwa fakta H, ambaye seli zetu humtumia kuiambia kinga "mimi wa hapahapa, usinishambulie". Bakteria kavaa kitambulisho cha mwenyeji.

Sasa unaniuliza kinga ilikuwa inafanya nini. Ilikuwa inafanya kazi, tena sana. Puani kuna ugomvi wa chini chini kila siku, idadi yao inashushwa, wanazaliana tena, mwishowe baada ya wiki au miezi wengi wanaondolewa, halafu inakuja aina nyingine ya koti inaanza upya. Kule Liverpool, Uingereza, wanasayansi huwa wanawatia watu wazima wa kujitolea bakteria hawa puani makusudi, kwa dozi inayojulikana na wakiwa wanafuatiliwa kwa karibu, na karibu nusu wanawabeba, nusu nyingine hawawashiki kabisa. Nusu hiyo ya pili ndo kinga ilishinda bila mwenyewe kujua kulikuwa na mechi.

Hilo koti nalo nataka nilirudie kidogo manake lina utata. Likiwa nene linamlinda asimezwe na seli nyeupe, likiwa nene mno linafunika zile protini za kujishikizia. Hawezi kupata vyote viwili. Kwa hiyo anachofanya ni kuwa na makundi mawili kwa wakati mmoja, kuna kipande cha DNA yake kinachogeuka geuka chenyewe kwa bahati nasibu, kikikaa hivi anakuwa na koti jembamba, kikikaa vile koti nene. Wa koti jembamba wanashamiri puani, wa koti nene ndo unaowakuta kwenye damu. Hakuna anayepanga, ni kwamba popote watakapotupwa kuna wachache tayari wamevaa nguo za hapo.

Ukitaka kuliona hilo koti kwa macho sio ngumu. Unaweka tone la bakteria kwenye kioo, unatia tone la seramu (maji ya damu yaliyotolewa seli) yenye kingamwili za aina hiyo hasa, unaangalia kwenye hadubini. Kama aina imelingana, kila jozi ya bakteria (wanakaa wawili wawili, kama punje mbili za mchele zilizogusana vichwa) inazungukwa na duara jeupe linaloonekana kama limevimba. Kama hailingani, hamna kitu. Njia hii mwanasayansi Neufeld aliielezea 1902 na mpaka leo inatumika, na aina za koti zilizoshajulikana ni zaidi ya 100. Na kwa faida tu, bakteria huyu huyu ndo aliyeonyesha DNA ndo kitu cha urithi: Griffith 1928 alichanganya wasio na koti walio hai na wenye koti waliokufa, panya akafa, ndani yake wakakutwa wenye koti walio hai, na 1944 Avery na wenzake wakaonyesha kilichohama kutoka kwa wafu ni DNA. Puani hilo linafanyika mpaka leo, wanaokota DNA za wenzao waliokufa, wanabadilisha hata koti zima.

Tuje kwenye sumu, maana hapo ndo mapafu ya mzee yanaingia. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kusahau sahani yangu ya kuoteshea bakteria, yenye chakula kilichochanganywa damu, kwenye inkubeta (kabati la joto) Ijumaa, Jumatatu narudi nikakuta zile koloni zangu (vidoa vya bakteria walioota pamoja) nzuri za kung'aa zimedidimia katikati kama vifungo vya shati, pembeni rangi ya kijani. Nikazichukua kuziotesha upya, hakuna kilichoota. Mkubwa wangu alicheka sana, akaniambia hawa wakishashiba wanajipasua wenyewe. Na kweli, wana kimeng'enya cha kuvunja ukuta wao, na wanapopasuka wanamwaga nyumolisini, sumu inayotafuta kolesteroli kwenye ngozi ya seli yako, inajipanga duara na kutoboa tundu. Kipimo kidogo cha sumu hiyo kinazubaisha vile vijinywele na kuamsha inflamesheni, yani uvimbe na joto la kinga ikipambana, kikubwa kinaua seli kabisa. Unaweza kujiuliza wa kujipasua anafaidika nini, mi jibu linaloniridhisha limetoka kwa watoto wa panya: bakteria wenye sumu hiyo wanasababisha kamasi nyingi zaidi na wanatoka kwenda kwa panya wa jirani kirahisi, wasio na sumu wanabaki palepale. Kwa hiyo sumu ni ya kusafiria. Kamasi ndo basi lao. Ila sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutiririsha kamasi puani ukiimwaga kwenye vifuko vya hewa, vyenye ukuta mwembamba mno na damu iko upande wa pili tu, vinajaa maji na seli nyeupe na damu kidogo, na ndo hiyo rangi ya kutu mliyoiona.

Kwa hiyo mafua yalifanya nini? Karibu kila kitu kibaya kwa wakati mmoja. Nachukulia ilikuwa influenza, kwa maelezo yako ya mafua makali. Kirusi kinaua seli zenye vijinywele, ule ute hausogei tena, vitone vidogo vya mate ambavyo sisi sote huvivuta usingizini havirudishwi juu. Pili kirusi cha influenza nacho kina kimeng'enya chake cha kukata sialiki, kazi yake ni kujinasua kutoka kwenye seli, lakini kwa kukata kinamfungulia nyumokokasi vipokezi na kumwachia chakula bure. Tatu homa na kemikali za seli zinazokufa zinawaamsha bakteria waliokuwa wametulia kwenye utando wao puani, wanajitenga na kutawanyika, na waliotawanyika ni wakali kuliko waliotulia. Na nne, hii watu hawaitegemei, kinga yenyewe ikishamaliza kupambana na kirusi inaacha ujumbe wa kemikali, intaferoni, ambao kwenye tafiti za panya umeonekana kuzubaisha zile seli nyeupe za mapafuni zinazomeza bakteria. Ndo maana ya ile nafuu ya siku mbili: kirusi kinaondoka, mgonjwa anakaa kitandani anaomba chakula, na hapo hapo mapafu yako wazi kuliko wakati wowote. Kwenye janga la 1918, waliporudi kuchunguza vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa na rekodi za upasuaji wa maiti, sehemu kubwa ya waliokufa walikutwa na nimonia ya bakteria juu ya influenza. Ongeza na umri wa miaka 68, kinga inakuwa imepungua kasi, basi.

Nisikufanye udhani bakteria wote wa njia ya hewa wana tabia hii. Wa kifaduro, Bordetella pertussis, hana habari ya kukaa kimya, yeye anang'ang'ania vijinywele vyenyewe, anaachia kipande cha ukuta wake kinachoua seli hizo hizo, na ana sumu inayovuruga mawasiliano ya seli nyeupe mpaka zinabaki zinazunguka kwenye damu zisiingie kwenye tishu, ndo maana mtoto mchanga mwenye kifaduro ukimpima damu unakuta limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe, zimepanda ajabu. Na ndo maana dawa zikichelewa kikohozi kinaendelea wiki na wiki, bakteria ameshaondoka lakini vijinywele havijaota. Wa kifua kikuu yeye anakubali kabisa kumezwa na seli nyeupe, halafu anazuia kile kifuko alichomo kisiunganishwe na mfuko wa asidi, anaishi humo humo. Haemophilus influenzae, ambaye jina lake ni kosa la mwaka 1892 pale Pfeiffer alipodhani ndo analeta influenza, huyo anajipaka ile sialiki yetu mwilini mwake ili aonekane ndugu, na baadhi ya jeni zake zina herufi za DNA zinazojirudia rudia mfululizo, akizinakili anateleza, anaongeza au kupunguza, jeni inazimika au kuwaka. Mwili ukishamzoea sura, watoto wake wameshabadilika.

Chanjo sasa, manake najua swali linalofuata ni hilo. Koti la sukari peke yake halifundishi kinga ya mtoto wa chini ya miaka 2, kinga hiyo haioni kama ni kitu cha maana. Kwa hiyo wataalamu wakaifunga ile sukari kwenye protini, na protini inaita seli T, seli nyeupe zinazoratibu kinga, zinaisaidia kinga kutengeneza kumbukumbu ya kudumu. Ya kwanza ya nyumokokasi ya namna hiyo iliidhinishwa 2000 ikiwa na aina 7 za koti, ikaja ya 13 mwaka 2010, na sasa zipo za 20 na 21. Uzuri wake ni kwamba inapunguza hata ubebaji puani, kwa hiyo mjukuu akichanjwa babu naye anapata unafuu. Ubaya wake, pua haikai tupu, aina ambazo hazimo kwenye chanjo zinachukua nafasi, ndo maana idadi inaongezwa kila baada ya muda. Kwa mzee wenu ulizeni hospitali kuhusu hiyo ya nyumokokasi na ya influenza ya kila mwaka pia, ya pili watu huidharau wakati kwa maelezo yote hapo juu ndo inayofunga mlango wa kwanza. Na kama kuna mtu kwenye ukoo ana selimundu au alitolewa bandama, huyo asisubiri, bandama ndo inayochuja bakteria wenye koti kwenye damu na bila hiyo mambo yanaenda haraka sana, masaa tu.

Kupimwa pua wote na kusafishwa, hapana. Mtapimwa, mtakutwa nao baadhi yenu, halafu? Ukimpa mtoto antibayotiki kwa ajili ya bakteria asiyemuumiza utaua wale dhaifu, watabaki wale sugu, utaua na majirani wengine wa puani wanaombana, na ndani ya wiki chache atapata mwingine kwa watoto wenzake. Ambacho ningefanya kwenu ni kidogo tu. Mzee akipata tena mafua, yakaisha, halafu homa ikarudi au pumzi ikawa fupi, msingoje kesho. Na mikono: kule kule Liverpool walijaribu kuwapaka watu wa kujitolea nyumokokasi kwenye mkono kisha wakawaambia wachokonoe pua au waunuse tu mkono, na kweli wapo waliowapata puani kwa njia hiyo, hasa bakteria wakiwa bado kwenye unyevu. Kwa hiyo babu akishampangusa mjukuu kamasi anawe kabla hajagusa pua yake mwenyewe.